Jina la Ofisi ni Muhuri (Uzi)

1/ Nimeombwa niongee hapa Kiganjo juu ya swali linalorudi kila siasa zikipamba moto: mbona mitandao inakataa majina mengine ya akaunti? Wengine wanasema ni kuzibwa mdomo. Hebu tuliangalie polepole.

2/ Tuanze na jirani yetu, chuo cha polisi. Msimu wa kuandikisha makurutu ukifika, matapeli hufungua akaunti zenye jina na nembo ya polisi. Wanauza nafasi. Kijana anafika getini na sanduku lake na barua feki, ng'ombe wa nyumbani ameshauzwa. Na kuandikishwa ni bure!

3/ Huyo tapeli hakuvunja kufuli wala kuiba nenosiri. Alihitaji jina tu. Jina la ofisi ni muhuri: ukiuona kwenye barua, huulizi nani ameupiga.

4/ Ndiyo maana majina yalianza kutengwa zamani. Mwaka 1997 wataalamu wa intaneti waliandika kanuni kwamba anwani za barua pepe kama "postmaster" na "webmaster" ziwe za wasimamizi wa mtambo. Leo jaribu kujisajili kama "admin", mahali pengi utakataliwa. Hapa Kenya, anwani za .go.ke ni za taasisi za serikali. Wewe na mimi tuna .co.ke.

5/ Na mlango ukiachwa wazi? Novemba 2022 Twitter ilianza kuuza tiki ya bluu kwa dola 8 kwa mwezi. Siku chache tu, akaunti bandia ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly ikatangaza kwamba insulini ni bure. Kampuni yenyewe ikabidi iombe radhi.

6/ Sheria tunayo. Kifungu cha 28 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinasema kutumia jina la mwingine mtandaoni bila idhini ni kosa: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini sheria hufika pesa zikiwa zimeshaenda. Kutenga jina huzuia mapema.

7/ Sasa, wanaolalamika pia wana hoja. Mara nyingi orodha ya majina yaliyofungwa haionekani, na anayekataliwa haambiwi sababu. Kufunga jina la tume ya uchaguzi, sawa. Lakini kufunga jina la akaunti kwa sababu linamkosoa kiongozi? Hapo hulindi muhuri, unalinda mtu. Hata akaunti ya mzaha iachwe, bora ijitaje wazi kuwa ni mzaha.

8/ Kwa hivyo mjadala huu ukianza redioni au barazani, ulizeni mawili. Jina lililofungwa ni la ofisi, au ni maoni ya mtu? Na aliyekataliwa akate rufaa wapi? Ofisi ilindiwe jina lake, mwananchi aachiwe mdomo wake.

9/ Na akaunti yoyote ikikuomba pesa ya kazi ya polisi, usitume hata bob. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaulize.