Ushahidi wa Kweli Ndio Ukristo wa Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa makanisa mbalimbali na wanaharakati wa mageuzi, baada ya ibada ya Jumapili.)



Nimeombwa niseme juu ya maana ya kuwa Mkristo wa kweli katika maisha ya kila siku. Ningeweza kuwatajia orodha ndefu ya mambo mema, nanyi mngeitikia "Amina" na kwenda zenu nyumbani. Nimeona heri nichague amri moja tu, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Ndugu zetu Wakatoliki huihesabu kuwa ya nane, na wengi wetu Waprotestanti huihesabu kuwa ya tisa. Katika kuivunja, hata hivyo, sijaona tofauti baina yetu.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunapata habari za Nabothi wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba hilo. Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Tunapoihubiri habari hii huwa tunamlaumu Ahabu na mkewe Yezebeli, na kweli wanastahili lawama. Lakini tazameni vizuri jinsi kazi yenyewe ilivyotendeka. Malkia aliandika barua tu. Waliozipokea ni wazee na wakuu wa mji, majirani wa Nabothi, watu waliokuwa wakiamkiana naye asubuhi. Wao ndio waliotangaza mfungo, wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakaruhusu watu wawili waseme kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Kisha akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe hata akafa. Ahabu hakuokota hata jiwe moja.

Ndugu zangu, hili ndilo nililokuja kusema leo. Dhuluma kubwa haijengwi na wakubwa peke yao. Huhitaji karani wa kuandika, jirani wa kunyamaza, na mtu mmoja au wawili wa kusema, "Ndivyo ilivyokuwa." Kwa hiyo Mkristo wa kweli hupimwa pale anapoombwa kuwa shahidi. Sisi wa Kenya tumeombwa ushahidi wa uongo kwa njia tatu: kwa kutishwa, kwa kukumbushwa kabila letu, na kwa kupewa zawadi.

Kwanza, woga. Wenye umri wangu wanaikumbuka kura ya mlolongo. Mwezi wa Februari 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama kimoja kilichoruhusiwa na sheria, wapiga kura walipanga mistari nyuma ya wagombea mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikuwa wameupinga mtindo huo tangu 1986, wakisema kwamba unawatenga waumini na wachungaji wao na kumnyima mtu uhuru wa dhamiri. Hawakusikilizwa.

Mimi ninayesema nanyi nilikuwa mwalimu kijana. Nilisimama katika uwanja wa shule pamoja na jirani yangu, mwenye duka, aliyekuwa wakala wa mgombea wetu. Mstari wetu ulipinda nyuma ya madarasa ukafika kwenye mikaratusi. Mstari wa pili haukufika hata kwenye goli. Matokeo yalipotangazwa, mstari mfupi ulikuwa umeushinda mrefu.

Jioni ile jirani yangu alinijia na barua ya malalamiko, akaniomba nitie sahihi kwamba niliyaona. Nilimwambia kuwa nina watoto wadogo na kwamba mshahara wangu ni wa serikali. Hakubishana nami, alikunja barua yake akaenda. Walioitia sahihi walikuwa watu wanne, na mwaka uliofuata duka lake lilinyimwa leseni. Jumapili ile mimi na yeye tuliketi benchi moja, tukapeana mikono ya amani, nami nikaimba katika kwaya kwa sauti yangu yote.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu. Lakini Kitabu cha Walawi, sura ya 5, kinamhesabia hatia mtu aliyeona jambo, akaitwa ashuhudie, naye asiseme. Hata Pilato hakumshtaki Bwana kwa neno lolote, alinawa mikono. Miaka mingi baadaye nilimwendea jirani yangu kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mstari uliuona?" Nikamjibu, "Niliuona." Akasema, "Basi neno hilo ndilo nililolitaka siku ile."

Hamkosi wa kuwaonyesha kwamba neno hilo liliwezekana kusemwa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikemea ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja alimtishia hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asirudi hai. Alikwenda Busia kuwaona watu wake, na siku hiyo ya tarehe 14 Agosti akafa katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurudi. Mwaka huo huo, kamati ya chama tawala ilipozunguka nchini kukusanya maoni, wananchi wa kawaida walisimama mbele yake wakasema wazi waliyoyaona katika milolongo ya 1988. Kabla ya mwaka kwisha chama kiliiacha kura hiyo. Na mwezi wa Disemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja tangu 1982, kilifutwa.

Tena wakumbukeni akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwishoni mwa Februari 1992 walikwenda Uhuru Park na kuanza mgomo wa kutokula, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi, na Profesa Wangari Maathai akapigwa hata akapoteza fahamu. Akina mama hao walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, hapo jirani, wakakaa humo kwa karibu mwaka mmoja, na mwanzoni mwa 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa. Hawakuwa na cheo wala silaha. Walikuwa na ushahidi mmoja tu, kwamba huyu ni mwanangu na amefungwa pasipo haki, nao hawakuubadilisha.

Pili, kabila. Hapa sauti yangu inapungua, kwa maana wengi tulioushinda woga tulishindwa na damu. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 nchi iliwaka moto. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa.

Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande, likaomba msamaha. Lilifanya vyema. Lakini maungamo ya baraza hayatoshi kuwa maungamo yangu. Kila mmoja wetu na ajiulize: habari mbaya ilipoletwa juu ya jirani wa kabila jingine, nilisema, "Sikuona hayo," au niliipokea na kumpa mwingine? Ulimi hautoki damu, lakini umechoma nyumba nyingi katika Bonde la Ufa, mwaka 1992 na tena 2008. Kumshuhudia uongo mtu wa kabila jingine ni uongo uleule. Na mtu wa kwetu akiiba, kusema kwamba anaonewa kwa sababu ya kabila lake ni uongo pia.

Tatu, zawadi. Adui huyu ni mpole kuliko wale wawili. Huja na bahasha siku ya harambee, huahidi mabati na vyombo vya muziki, kisha huomba dakika mbili tu za kusalimia. Tukishapokea, tutamkemeaje? Ndiyo maana nilifurahi Kanisa la Kianglikana lilipowazuia wanasiasa kuhutubu mimbarani, mwezi wa Septemba 2021, na tena mwezi wa Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipoamua kurudisha fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto. Maamuzi hayo ni ya maaskofu. Lakini bahasha ndogo ziko mikononi mwetu: ya chifu ili aandike barua, ya karani ili faili lipatikane, ya askari wa barabarani inayokunjwa ndani ya leseni. Tumeyapa mambo haya majina matamu ya "chai" na "kitu kidogo". Kulipa jina jema jambo ovu nako ni kushuhudia uongo.

Basi tufanye nini kuanzia kesho, Jumatatu? Sitawatwisha mzigo mkubwa.

Ukiwa mwenye duka, mizani yako iwe shahidi wa kweli. Ukiwa katika kamati ya basari, soma majina kama yalivyo. Mtoto wa mjane asipoteze nafasi yake kwa ajili ya mpwa wako. Ukiitwa mbele ya wazee kwa kesi ya mpaka wa shamba, onyesha mpaka unaoujua, hata ikiwa anayepoteza ni ndugu yako. Mkumbuke Nabothi, kwa maana kesi yake ilikuwa ya shamba.

Na ukiwa wakala wa chama katika kituo cha kupigia kura, jua kwamba kalamu yako ni nzito. Katika chaguzi zetu za karibuni, mawakala huombwa kutia sahihi fomu ya matokeo ya kila kituo, ile iitwayo 34A. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, kwa sababu ya kasoro katika kupeleka na kujumlisha matokeo, na fomu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Mnaona basi: taifa zima linaweza kusimama juu ya sahihi za watu wasiojulikana, waliokesha darasani kwa mwanga wa taa. Usitie sahihi usichokiona. Na ulichokiona, usikatae kukitia sahihi.

Msisahau jambo moja: asisimame shahidi peke yake. Wale wanne waliotia sahihi kijijini kwetu waliachwa, na mimi ni mmoja wa waliowaacha. Tungalikuwa mia mbili, nani angetunyima leseni sote? Mtu wa kanisa lako akisema kweli na kufutwa kazi, jumuiya ndogo na impelekee unga na karo ya watoto. Kumsifu wakati wa maombi pekee hakutoshi.

Jirani yangu yule amekwisha kulala. Siku ya mazishi yake niliombwa nitoe ushuhuda juu ya maisha yake. Nilisimama mbele ya watu wote, na machifu wakiwapo, nikaeleza habari ya mstari uliofika kwenye mikaratusi. Nilikuwa nimechelewa sana. Ninawaomba ninyi msichelewe kama mimi.

Mungu atupe midomo ya kweli, na majirani wa kusimama pamoja nasi tunapoifungua.