Siku Tatu Nyumbani

Somo: Malaki 4:5-6



Leo tutazame habari za wazazi na watoto wao waliosoma. Mwaka 1862 mwandishi wa Urusi, Ivan Turgenev, alitoa kitabu ambacho jina lake ni Baba na Watoto. Mwaka 1987 Brian Friel wa Ireland alikigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, ukachezwa London. Miaka 125 ilikuwa imepita, lakini jambo lenyewe halikuwa limezeeka. Hata kwetu, marehemu Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, aliweka jukwaani mwana msomi na baba yake anayeshika mila, katika mchezo wake The Burning of Rags uliochapishwa mwaka 1989.

Kijana wa Turgenev anaitwa Bazarov, naye anasomea udaktari. Hamwamini Mungu, wala haheshimu jambo kwa sababu tu wazee waliliheshimu. Baada ya miaka mitatu anarudi kwao. Baba yake anajizuia asionyeshe furaha yake yote, asije akamchosha. Mama anatamani kujua mwanawe atakaa siku ngapi, lakini anaogopa kumwuliza. Baada ya siku tatu tu, kijana anaondoka.

Ndugu zetu, nyumba hiyo haiko Urusi peke yake. Iko Shieywe kila Krismasi. Watoto wanashuka kwenye basi la Nairobi, kuku anachinjwa, na kabla mama hajamaliza kuuliza habari, mizigo imekwisha fungwa.

Sisi nasi tumo. Tulipotoka chuo cha theolojia tulirudi nyumbani na vitabu vyetu. Jioni mzee wetu aliomba kabla ya chakula, sala ndefu kama ilivyokuwa desturi yake. Alipomaliza tulimsahihisha mbele ya watoto. Hakujibu neno. Tangu siku ile, kila tulipofika alisema, "Omba wewe, mwanangu uliyesoma." Tulidhani anatuheshimu. Miaka mingi ilipita kabla hatujatambua kwamba tulimnyang'anya mzee sala katika nyumba yake mwenyewe.

Bazarov hakupata miaka mingi. Alirudi tena kwa wazazi wake, akawa akiwatibu wanakijiji. Siku moja alijikata kidole alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa homa ya taifasi, naye akaambukizwa, akafa. Kitabu kinakwisha kwa wazee wawili, wakishikiliana njiani kwenda kaburini, wakapiga magoti, wakalia na kuomba.

Sasa tazameni somo letu. Mungu anaahidi kugeuza mioyo ya pande mbili, na anaanza na akina baba. Basi, sisi wazazi tusingoje mtoto ainame kwanza. Tuache kumpokea kwa hesabu ya makosa yake na hadithi za jinsi sisi tulivyokuwa watiifu. Nanyi watoto, elimu yenu ni njema. Wengi wenu mliipata kwa ng'ombe wa baba aliyeuzwa. Kaeni hata siku ya nne. Mwulizeni mzee jambo ambalo yeye ndiye anayelijua.

Tulikwenda kwa mzee wetu tukamwomba msamaha. Kisha tukamwomba atuongoze katika sala. Alinyamaza kitambo, akavua kofia yake, akaomba. Chakula kilipoa, wala hakuna aliyenung'unika.

Na tuombe. Ee Bwana, geuza mioyo yetu tungali hai, tupatanishwe mezani kabla ya kukutana kaburini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.