Ufunguo wa Bweni: Mhadhara kuhusu Moto na Dharura katika Vyuo vya Jinja na Mbale



Tangazo la mhadhara huu lilisema nitazungumzia maandalizi ya dharura na kinga ya moto vyuoni, na huenda wengi mlitarajia nianze na mitungi ya kuzimia moto. Nitaifikia. Lakini nikiyapitia majanga yaliyoteketeza mabweni ya Afrika Mashariki kwa miaka 30 hivi iliyopita, najikuta kila mara nimesimama mlangoni, nikiuliza swali moja: ufunguo ulikuwa kwa nani?

Shule ya Shauritanga, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, Juni 1994: walikufa wasichana 42. Bombolulu, katika pwani ya Kenya, Machi 1998: wasichana 26. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Hapa kwetu Uganda, Budo Junior, Aprili 2008: watu wapatao 20, karibu wote watoto wa kike. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21. Vyanzo vya mioto hii havifanani. Kyanguli ilikuwa petroli, iliyomwagwa na wanafunzi wenyewe. Kwingine ulitajwa mshumaa, kwingine umeme, na kwingine ubishi haujaisha mpaka leo. Kinachojirudia ni namna watu walivyoshindwa kutoka. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, madirisha yote yalikuwa na nondo, na vijana zaidi ya 100 wakaukimbilia mlango mmoja uliobaki, usiku, gizani, ndani ya moshi.

Sisemi haya ili kuwalaumu walinzi na matroni. Kufuli lina sababu yake, na sababu hiyo naiheshimu. Hosteli isiyo na nondo madirishani, iwe Jinja au Mbale, haimalizi muhula bila kuibiwa kompyuta na simu. Mzazi anayemleta binti yake mwaka wa kwanza huuliza kwanza geti linafungwa saa ngapi na nani analinda. Hajawahi kuniuliza mzazi hata mmoja kama binti yake ataweza kutoka saa nane usiku bila kumtafuta mwenye ufunguo. Tumejenga mabweni yetu tukimfikiria mwizi, na mwizi tumemweza. Moto hatukuufikiria.

Wenzetu waliwahi kupita njia hii. Tarehe 25 Machi 1911, katika jiji la New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango wa ngazi moja ulikuwa umefungwa, kwa kuwa wenye kiwanda waliogopa wafanyakazi wangetoka na vitambaa. Nawaomba watu wa Jinja walizingatie hilo, maana mji wao umelelewa na viwanda, kuanzia nguo za Nytil hadi sukari ya Kakira, na hofu ya mali kutoka mlangoni tunaijua vizuri.

Lakini jibu la mlango wa namna hiyo lilikuwa limekwisha kupatikana hukohuko Marekani. Desemba 30, 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliungua katikati ya maonyesho na kuua watu 602. Mfanyabiashara wa vifaa vya chuma, Carl Prinzler, alitakiwa kuwepo ukumbini siku ile, akazuiwa na shughuli za kazi. Jambo lile halikumtoka moyoni. Akashirikiana na mbunifu Henry DuPont, na mwaka 1908 kampuni ya Vonnegut ya Indianapolis ikaanza kuuza upau wa kusukuma wa kufungia milango. Kwa nje mlango umefungwa, mwizi haingii. Kwa ndani, mtu akiuegemea ule upau kwa kiuno au kwa bega, mlango unafunguka, hata kama hajawahi kuuona, hata kama nyuma yake wanasukumana watu 50. Hakuna ufunguo wa kutafuta.

Huo ndio msingi wa yote nitakayosema leo: anayelala ndani lazima aweze kutoka kwa mkono wake mwenyewe, bila ufunguo na bila ruhusa ya mtu, saa yoyote. Upau wa kiwandani ni ghali, sikatai. Lakini fundi wa kuchomelea wa Walukuba, Jinja, au wa Namatala, Mbale, anaweza kukutengenezea grili ya dirisha yenye bawaba, inayofunguka kwa nje, yenye komeo upande wa ndani tu, mbali na mkono wa mwizi. Kila chumba kiwe na dirisha moja la namna hiyo. Mlango wa bweni ufunguke kwa nje, maana mlango unaofunguka kwa ndani, watu wakiusongamania, hauvutiki tena. Kenya iliyaandika haya mwaka 2008 katika mwongozo wa usalama wa shule: madirisha yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Yaliandikwa vizuri. Miaka 16 baadaye ikaja Endarasha.

Kwa nini nashikilia sana mlango kuliko mtungi? Kwa sababu ya muda. Magodoro yetu karibu yote ni ya sponji. Sponji ikiwaka hutoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, na pumzi chache za moshi huo zinatosha kumlegeza mtu asiweze kusimama. Wengi wanaofia motoni huuawa na moshi kabla mwali haujawagusa. Chumba kidogo chenye vitanda vya ghorofa kinaweza kulipuka chote kwa mpigo ndani ya dakika tatu hadi tano. Moshi hujaza juu kwanza, kisha hushuka, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu ana muda mfupi kuliko wa chini, na anayetoka atambae. Zimamoto wetu ni kitengo cha polisi, nambari ni 999 au 112, na nawaheshimu sana. Lakini hata gari lingeondoka kituoni dakika ileile mliyopiga simu, lisingewahi hizo dakika tano. Mtungi wa unga wa kilo sita nao humalizika kwa sekunde 15 hadi 20. Unafaa kwa moto ulio bado kwenye ndoo ya taka. Godoro likishika, acha mtungi, toka, ufunge mlango nyuma yako.

Sasa tuangalie moto wenyewe unavyoanza, na hapa nataka niende polepole.

Asubuhi chini ya mlima Wanale, hapa Mbale, kuna baridi. Mwanafunzi anataka maji ya moto ya kuoga. Anatumbukiza koili kwenye ndoo ya plastiki kando ya kitanda, anachomeka kwenye ekstensheni, na umeme unakatika. Anangoja, anachelewa, anajimwagia maji baridi na kukimbilia darasani. Koili inabaki kwenye soketi. Saa tano umeme unarudi. Chumbani hakuna mtu. Maji yanachemka, yanapungua, koili inabaki kavu na kuwa nyekundu, ndoo inayeyuka, koili inaangukia pembe ya shuka iliyoning'inia. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, na hakuna kanuni ya chuo iliyokuwepo chumbani wakati ule.

Jioni ni hesabu nyingine. Koili ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 6 na zaidi. Ongeza pasi ya wati 1,000 na jiko la umeme la wati 1,500 kwenye ekstensheni hiyohiyo, umefika ampea 16 na ushee, wakati plagi imetengenezwa kwa 13. Ikiwa waya ni ule mwembamba wa bei ya chini unaouzwa barabarani, utapata joto ndani ya ukuta au chini ya zulia kabla fyuzi haijakatika, na fundi akishabadilisha fyuzi kwa kipande cha waya hakuna kitakachokatika kabisa.

Vyuo vyetu hujibu kwa marufuku. Ofisa wa bweni anapita, anakusanya koili na majiko, yanajaa stoo, na wiki inayofuata yamenunuliwa mengine. Nasema wazi: marufuku bila jiko ni kazi bure. Mwanafunzi ana njaa na hana hela ya hoteli kila siku. Mpeni jiko la pamoja lenye ukuta wa tofali na sakafu ya saruji, na bomba moja la maji ya moto la jua kwenye kila jengo, ndipo mkamnyang'anye koili. Hapo mtakuwa na haki ya kumwadhibu.

Nije kwenye mazoezi. Aprili 12, 2015, siku kumi tu baada ya magaidi kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, kifaa cha umeme kililipuka alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia, na adui hakuwepo. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujihami lenye milio ya risasi, ambalo watu wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Mfanyakazi mmoja aliruka akafa na makumi wakajeruhiwa. Kwa hiyo zoezi litangazwe. La kwanza lifanyike mchana, kila mtu akijua saa na king'ora. La pili lifanyike usiku, likiwa limetangazwa vilevile. Lengo ni miguu izoee ngazi, na kumtisha mtu hakumfundishi njia.

Nusu ya zoezi ni kuhesabiana. Endarasha, siku iliyofuata moto, serikali ilisema watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi baadaye walipatikana wakiwa kwa jamaa zao, lakini fikirieni wazazi walivyolala. Kila bweni liwe na orodha ya waliolala humo usiku huo, na nakala yake ikae getini, nje ya jengo. Orodha ionyeshe pia nani anahitaji kusaidiwa kutoka. Oktoba 2022 moto uliua watu 11 katika shule ya watoto wasioona ya Salaama, Mukono. Mwanafunzi asiyeona, au anayetumia kiti cha magurudumu, alale chini, karibu na mlango, na watu wawili waliokubali mapema wajue ni kazi yao kutoka naye.

Na mahali pa kukusanyikia pachaguliwe kwa akili. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale, wakafa watu zaidi ya 20. Uwanja ulio bondeni unafaa usiku wa moto, haufai kabisa usiku wa mvua. Kila chuo cha Mbale kinahitaji sehemu mbili, na kila mwanafunzi azijue zote mbili.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Wanafunzi wengi hawalali ndani ya chuo. Wanalala katika hosteli za watu binafsi nje ya geti, ambako mwenye nyumba anafunga grili ya ngazi saa tano usiku na kulala na ufunguo chumbani kwake. Vyuo husema hilo si jukumu lao. Sikubali. Tangu Julai 2020 Jinja na Mbale ni majiji, yana halmashauri zenye mamlaka ya kukagua majengo, na vyuo vina nguvu kubwa kuliko sheria: vina wateja. Chuo kitoe kila mwaka orodha ya hosteli kinazozikubali, baada ya kuzikagua pamoja na ofisa wa zimamoto, saa za usiku, grili zikiwa zimefungwa. Hosteli ambayo mkaguzi hawezi kutoka ndani yake bila kumwamsha mtu isiingie kwenye orodha, hata kama ni ya mhadhiri, hata kama ni ya diwani.

Ninaomba ukaguzi wa kwanza ufanyike kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na uanze na mabweni ya chuo hiki. Niko tayari kwenda na wakaguzi.