Ni Nani Aliyeokoka?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wetu na Mlezi wetu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja hapa Segerea, watu walipokwisha kutoka msikitini, kijana mmoja wa sekondari alibaki nyuma. Bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa amefariki juma lile, naye alikuwa Mkristo. Msibani watu wa kanisa lake walimwambia kuwa bibi yu miongoni mwa wateule. Rafiki zake Waislamu walimwambia asikanyage makaburini. Akatuuliza, "Shehe, bibi yangu yuko wapi?"

Swali hili lataka elimu, na kwanza elimu ya wanayoyasema Wakristo wenyewe, maana mara nyingi twawajibu kwa maneno wasiyoyasema.

Nao hawasemi neno moja. Papa hapa Segerea iko Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, iwafundishayo vijana wa Kikatoliki upadri. Fundisho la Kanisa hilo ni kuwa Yesu alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba neema ya Mungu hutangulia, kisha mtu huikubali au huikataa. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1962 hadi 1965, maaskofu wao walitamka kuwa asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kuokoka. Wafuasi wa Calvin, waliokutana Dort mwaka 1618 na 1619 kulikata shauri hili, husema kuwa Mungu aliwachagua watu wake kabla ya kuumba ulimwengu, si kwa wema wowote aliouona kwao. Walutheri hushikilia imani peke yake. Na walokole, ambao jina lao latokana na Kiganda, na ambao uamsho wao ulienea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hata ukafika Bukoba, humtaka kila mtu aitaje siku aliyookoka. Ndio hao watuulizao ndani ya basi, "Umeokoka?"

Wote hukutana penye msalaba. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 1109, alieleza kuwa dhambi ni deni la heshima ya Mungu ambalo binadamu hana uwezo wa kulilipa. Basi akalilipa Yesu, ambaye kwao ni Mungu na mtu. Hapa ndipo njia zetu ziachanapo. Qur'ani yakanusha, katika Sura An-Nisaa, kuwa Nabii Isa (a.s.) alisulubiwa. Tena yatufundisha kuwa Adam alitubu na Mola wake akaipokea toba yake. Kosa likaishia pale pale, lisirithiwe na mtoto yeyote. Mwenye kudai aweza kusamehe deni lake bila kumtoza mtu wa tatu. Hata sisi wenye maduka twafanya hivyo.

Lakini tusijivune. Jabriya na Qadariya waligombana katika Uislamu juu ya jambo hili hili la kuandikiwa na kuchagua. Na Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba kuwa hapana atakayeingia Peponi kwa amali zake, hata yeye mwenyewe, ila kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Mwislamu azihesabuye rakaa zake kana kwamba ni hati ya kiwanja huko Peponi hakulisikia fundisho hilo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, miaka miwili tu baada ya Anselm, aliandika katika Faysal al-Tafriqa kuwa ambaye habari za Mtume hazikumfikia ana udhuru, na kadhalika ambaye zilimfikia zimepotolewa. Asiye na udhuru ni yule aliyeujua ukweli akaupa kisogo. Bibi yule aliishi nasi ukuta kwa ukuta. Je, alisikia nini juu ya Uislamu kutoka kwetu? Yatupasa tujiulize kabla ya kumwuliza yeye.

Tulimwambia kijana kuwa hukumu ya bibi yake haimo mikononi mwa shehe wala mwa mchungaji. Kumwombea maghufira aliyefariki nje ya Uislamu, wanazuoni wamekukataza kwa dalili ya Sura At-Tawba, nasi hatukumficha hilo, ingawa machozi yalimlengalenga. Lakini huzuni haikukatazwa, wala haki ya ujamaa. Mtume alilizuru kaburi la mama yake akalia. Jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi aliuliza kama hiyo nayo si nafsi. Sayyidna Ali alimzika baba yake, Abu Talib. Na wanazuoni wa Kishafii wamemruhusu Mwislamu kulifuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Tulikwenda naye, tukasimama nyuma wenzetu walipokuwa wakisali sala yao. Walipomaliza, kijana alishika koleo akamfukia bibi yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.