Mwamba Mkongwe Hautoshi

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Sitalike, Mkoa wa Katavi)



Liko swali ambalo mataifa yenye vinu vya nyuklia yamelikwepa kwa muda mrefu: fueli ikishamaliza kazi yake kinuni, iwekwe wapi? Umeme hutumika siku ile ile. Mabaki hubaki na mionzi ya kudhuru viumbe kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kwanza hupozwa katika mabwawa ya maji. Lakini bwawa huhitaji mlinzi, na hakuna serikali iwezayo kuahidi mlinzi wa miaka elfu.

Ufini imeamua kuyazika. Kisiwani Olkiluoto, uchimbaji wa Onkalo ulianza mwaka 2004, ukafika kina cha mita 430 hivi, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka milioni 1,900. Mpango ni kuitia fueli katika makasha ya chuma yaliyovikwa shaba, kisha kuyazungushia udongo uvimbao upatapo maji, uzibe kila upenyo.

Basi mtu aketiye ofisini mbali, akikunjua ramani ya Afrika Mashariki, angeweza kutua kidole chake hapa Sitalike. Miamba ya ukanda wa Ubende ina umri wa miaka milioni 2,000 hivi. Watu si wengi. Hifadhi ya Katavi imetanda jirani. Angesema ni mahali patupu. (Mtu huyo hajapata kulala hapa akasikia viboko wakikoroma katika Mto Katuma.)

Ramani hiyo ingemdanganya. Mwamba ni mkongwe, lakini Bonde la Ufa la Rukwa lililoupasua bado linatanuka. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa barani Afrika. Udongo na shaba havikuundwa kushindana na ufa unaojongea. Nayo maji ya Katuma hayaishii Sitalike. Hupita mbugani, yakaelekea Ziwa Rukwa, kwa wavuvi na wafugaji.

Hofu hii haikubuniwa. Mwaka 1988 ilifichuka kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa Koko, Nigeria, katika kiwanja cha mwanakijiji aliyelipwa kodi ndogo. Hazikuwa fueli ya nyuklia, lakini fikra ilikuwa ile ile: zipelekwe mbali, kwa maskini. Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao Tanzania imeuridhia, unapiga marufuku kuingiza barani taka za hatari, zikiwamo za mionzi.

Mkataba huo, hata hivyo, hauzuii taka za nyumbani. Tanzania ina urani Mto Mkuju, Namtumbo, na nia ya kuzalisha umeme wa nyuklia imekwisha kutajwa serikalini. Mpango wa kinu unaotaja megawati bila kutaja kaburi la fueli ni nusu ya mpango.

Huko Ufini sheria iliipa manispaa haki ya kukataa. Januari 2000 baraza la Eurajoki lilipiga kura: 20 walikubali, 7 walikataa, ndipo Bunge likaidhinisha mwaka 2001. Madiwani wale walikuwa wameishi jirani na vinu kwa miaka ishirini na ushei. Kijiji kisichopata kuona kinu kingehitaji kwanza kufundishwa, miaka mingi kabla ya kuulizwa, na kazi hiyo ingemwangukia mwalimu aliyepo hapo hapo.