Kabla ya Kubadilisha Hita ya Maji: Gharama na Masharti ya Kuzingatia

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za umeme, Kata ya Mwakitolyo, Wilaya ya Shinyanga

Mada ya leo ni hita ya maji ya kuogea: lini ibadilishwe, kwa gharama gani, na nani anaruhusiwa kuifunga. Huenda mtu akajiuliza kwa nini Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, izungumzie hita katika eneo ambalo nyumba nyingi bado zinapasha maji kwa mkaa. Sababu ni kwamba umeme umefika, nyumba za kupangisha na za wageni zinaongezeka kadiri uchimbaji wa dhahabu unavyovuta watu, na hita ni miongoni mwa vifaa vinavyotumia umeme mwingi zaidi nyumbani. Tena ndicho kifaa kinachokutanisha umeme, maji na mwili usio na viatu mahali pamoja. Kosa ambalo kwenye taa lingeunguza balbu tu, bafuni linaweza kumwua mtu.

Jambo la kwanza: si kila hita mbovu ni ya kutupwa. Hita ya tangi ina sehemu kuu nne: tangi lenyewe, koili inayopasha maji, kidhibiti joto, na valvu ya usalama inayotoa maji shinikizo linapozidi. Maji yasipopata moto, au yakipata moto kupita kiasi, mara nyingi ubovu uko kwenye koili au kidhibiti joto, na sehemu hizo huuzwa pekee. Lakini tangi lenyewe likianza kuvuja kwa kutu, halitengenezeki. Hapo hita ibadilishwe. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi aelewe kwamba chumvi hiyo huganda juu ya koili, ikachelewesha maji kupata moto na kufupisha uhai wa kifaa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwombe fundi akuonyeshe kilichoharibika, wala usiridhike na neno “imekufa”.

Jambo la pili: gharama. Wengi wetu huuliza bei ya dukani tu, ilhali bei hiyo ni sehemu moja ya hesabu. Ongeza nyaya, breka, valvu, mabomba, ufundi na usafirishaji kutoka Kahama, Shinyanga au Mwanza. Omba mchanganuo huo kwa maandishi, kipengele kwa kipengele, kutoka kwa mafundi wasiopungua wawili, kisha ulinganishe.

Baada ya hapo kuna gharama isiyoonekana dukani, nayo ni umeme wenyewe. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzijoto 22 hadi 60 kunahitaji takribani uniti 2.2. Ukifanya hivyo kila siku, kwa siku 30 ni uniti 66. Sasa tuchukue mfano wa kaya inayotumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, televisheni na simu. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, yaani mwenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi 75. Kabla ya kodi na tozo, kaya hiyo ilikuwa ikitumia shilingi 4,000. Ikiongeza hita, matumizi yanafika uniti 106: uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na uniti 31 zilizobaki ni shilingi 10,850. Jumla ni shilingi 18,350. Matumizi hayo yakiendelea, kaya inaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Hapo uniti 106 zinakuwa shilingi 30,952.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kuwakataza kuoga maji ya moto. Nasema ili mtu asije kudhani mita yake ya LUKU imeharibika, kumbe ni hita inayofanya kazi yake. Zipo njia za kupunguza. Ndoo ya lita 15 iliyopashwa hadi nyuzijoto 40 inahitaji takribani uniti 0.3 tu. Hita ndogo ya papo kwa papo yenye nguvu ya kilowati 5, ikitumika dakika nane, hula takribani uniti 0.67. Na mwenye hita ya tangi aiwashe muda mfupi kabla ya kuoga, kisha aizime, kuliko kuiacha ikiwaka kutwa.

Jambo la tatu: masharti ya usalama. Hita ya kilowati 5 huvuta takribani ampia 22 kwenye umeme wa volti 230. Soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampia 13. Kwa hiyo hita ya namna hiyo haichomekwi kwenye soketi, wala haiunganishwi na waya wa taa. Inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, waya mnene unaolingana na mzigo, na breka yake. Ukibadilisha hita ndogo kwa kubwa huku ukiacha waya ule ule wa zamani, waya utapata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Pili, hakikisha nyumba ina waya wa ardhi ulio hai. Mkoa wetu ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Fimbo ya ardhi iliyochomekwa kijuujuu inaweza kuonekana kamili kwa macho na isisaidie kitu siku ya ajali. Ni kipimo pekee kinachoweza kuthibitisha. Juu ya hilo, weka breka ya uvujaji wa umeme, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30. Breka hiyo hukata umeme unapovuja, kabla haujamdhuru mtu. Na kamwe valvu ya usalama isizibwe kwa sababu inadondosha maji; tangi lisilo na pa kupumulia laweza kupasuka.

Tatu, fundi. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, shughuli za ufungaji umeme zinahitaji leseni, na EWURA ndiyo inayoitoa kwa madaraja kulingana na ujuzi. Fundi anaweza kuwa hodari wa kufunga mota za karasha na bado asiwe na leseni. Mwombe akuonyeshe. Kumwomba leseni si kumdharau, kwani fundi halali huionyesha kwa fahari.

Kwa wapangaji: msibadilishe hita wala nyaya bila kukubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi nani atalipa na kifaa kitabaki kwa nani. Kwa wenye nyumba: mpangaji anapolalamika kwamba bomba “linapiga shoti”, zimeni umeme wa hita siku hiyo hiyo, wala msingoje mwisho wa mwezi.

Mwisho, haki zenu. Nunueni kifaa chenye alama ya ubora ya TBS, daini risiti ya EFD na hati ya dhamana, na mvihifadhi. Kifaa kikiwa chini ya kiwango, malalamiko hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Kikiwa bandia, Tume ya Ushindani. Lalamiko kuhusu huduma ya umeme au mita lianzie TANESCO, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Msiporidhika, lileteni EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kuwasaidia kulifikisha.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Fedha ya breka na ya fundi mwenye leseni hutolewa mara moja. Maisha hayana dukani pa kununulia.

Sasa nayakaribisha maswali.