Pilau haiko chakula cha wageni

(Maneno ya mama mmoja wa kamati mbele ya wanachama wa Kasongo na Kabambare)



Watu wengine wameuliza: kwa nini kikundi cha wamama wapishi kinaomba faranga za viungo, na kuna nyumba hazina hata jembe? Ni swali la haki. Wengine wanasema mdalasini na iliki ni mambo ya kambi, tumeyatoa Nyarugusu, na wenzetu waliobaki wanaona tunajivuna.

Nianze na hilo la pili. Njia tuliyorudia ni ya zamani. Wakati wa Tippu Tip misafara ilitoka pwani, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare mpaka hapa Kasongo. Mpunga ulikuja na watu wale. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa pia, na watumwa njo walilima mashamba yale. Hatulifichi. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliteka mji huu, lakini mpunga ulibaki, na Kiswahili kilibaki. Basi pilau haiko chakula cha wageni. Aliyebaki na aliyerudi, wote iko yao.

Na ile ladha ya utamu ndani ya chumvi haiko ya mji mumoja. Wamoroko wanapika nyama na mdalasini na matunda makavu. Wairani wanatia zabibu katika wali. Sisi zabibu hatuna, lakini tuko na makemba ya kuiva: yakaange kwa mawese, uyapange juu ya wali. Kitunguu nacho, ukikikaanga polepole mpaka kiwe kahawia, kinatoa utamu bila sukari.

Sasa faranga. Kwa kilo 2 za mchele, mimi ninatumia kijiti kimoja cha mdalasini kama kidole, karafuu 6, iliki 8, pilipili manga kidogo, bizari nyembamba vijiko 2 vidogo, na tangawizi ya kutwanga. Musivitupe kwenye maji: vikaangwe kwanza ndani ya mafuta, harufu itoke. Karafuu zikizidi, wali unakuwa mchungu.

Munaona ni vidogo. Gharama inatoka fasi ingine: kila mama ananunua peke yake, tena unga uliosagwa zamani, harufu imekwisha. Viungo vizima vinakaa miezi mingi kama vimefungwa vizuri, pakavu. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: tununue vizima kwa pamoja na kugawana kwa mizani, kila mama apande tangawizi nyuma ya nyumba, na faida ya chakula tunachouza sokoni na kwenye ndoa irudi kwanza katika likelemba. Kutoka hapo njo jembe litanunuliwa, kwa zamu, bila kungoja mtu wa mbali.

Kwa wafadhili: musitutumie mchele, tunaulima sisi wenyewe. Tutashukuru kwa sufuria kubwa na mizani.

Na kwa wamama: kila kikundi kiingize waliobaki na waliorudi, nusu kwa nusu. Watu waliokoroga sufuria moja hawaogopani kisimani.